Sakafu ya Mama Yako na Mikindu Tuliyoipanda

Mtaa wa Mnazini,
Kilwa Masoko.
15 Shawwal 1446 (14 Aprili 2025)

Mpendwa mpwa wangu Abdulrazak,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitamka: marahaba, mwanangu. Nakuulizia hali yako, ya mkeo Imani na ya watoto, na mnavyoikabili baridi ya huko Mbeya. Mimi sijambo, alhamdulillah. Magoti tu ndiyo yanayonikumbusha umri wakati wa kusujudu.

Nina habari iliyonijaza furaha. Nimejizuia kukupigia simu, kwa kuwa jambo lenyewe lataka kuelezwa kwa utulivu tangu mwanzo wake.

Wakumbuka ulivyotuletea saruji ya kusakafia uwanja wa msikiti, iwe sadaka yenye kuendelea kwa marehemu dada yangu Naima, mama yako. Tulisakafia uwanja wote, tukashukuru kwamba hapana tena mguu utakaoingia ibadani na tope. Hatukujiuliza mvua itakwenda wapi. Maji ya bati na ya barabarani yakawa yanateleza juu ya sakafu na kumiminikia kwa jirani yetu Bi Kadija, mjane, ambaye nyumba yake ni ya udongo. Masika ya mwaka jana yaliula msingi wake.

Alikuja Ijumaa moja watu wakitoka kuswali, akasimama langoni, kandambili mkononi. Akasema kwa upole: "Wazee wangu, nyinyi mmepata tahara, mimi nimepata tope." Akaongeza kwamba ukuta ukianguka atahamia kwa mwanawe, kule Nangurukuru. Mwanangu, sisi tunaosomesha watu kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, tuliinamisha vichwa.

Baadhi yetu walitaka mfereji wa zege. Mwanahija, mjukuu wa imamu, anayefanya kazi ya mazingira mjini Lindi, akatuuliza mfereji huo utamwagia nani. Tukatazama, tukaona ni jirani wa pili. Akatushauri tuvunje nusu ya sakafu, upande wa Bi Kadija, tuchimbe mbonyeo mpana, chini tujaze mawe na mchanga, juu udongo, kisha tupande mimea inayopenda maji, ili mvua ituame kidogo na kuzama papo hapo.

Kuvunja sadaka ya mtu si jambo jepesi. Lakini ukuta ulikwisha kuinama na masika yalikuwa mlangoni. Niliamua mimi, kwa kuwa ndimi kaka wa mama yako, na lawama yake iwe juu yangu. Tukamwita Optatus, fundi wa Kipatimu, yuleyule aliyeisakafia. Akaishika sururu, akaitazama kazi yake kwa muda. "Shehe," akasema, "nimebomoa nyumba za watu wengi, lakini jasho langu mwenyewe ndiyo mara ya kwanza." Tukacheka, naye akapiga.

Tulipanda miche ya mikindu kutoka Kikole, na majani marefu katikati yake.

Juzi baada ya Adhuhuri ikashuka mvua nzito. Tulisimama barazani, hapana aliyeondoka. Maji yaliujaza mbonyeo, mikindu ikabaki ncha tu, kisha yakatulia, yasivuke. Bi Kadija alikuwa mlangoni kwake na ndoo ya kuchotea maji yatakayoingia ndani. Hadi Magharibi ardhi ilikuwa imeyanywa yote, na ukuta wake mkavu. Akatuita: "Leo ndoo yangu imekosa kazi. Na Nangurukuru wataningoja sana." Nilisujudu sijida ya shukrani, nikasahau kama nina magoti.

Sasa sikiliza, Abdulrazak. Mama yako alisuka mikeka ya msikiti huu maisha yake yote, na ukindu aliufuata mbali kwa miguu. Leo ukindu unaota kwenye uwanja uliotolewa kwa jina lake. Huenda macho yangu yasiuone mkeka wa kwanza, lakini nimeusia kwamba utandikwe safu ya mbele, na aombewe yeye.

Nusu iliyobaki ya sakafu ingali inamwaga maji barabarani. Hiyo sitaigusa mpaka uniridhie kwa niliyoyafanya. Optatus ameiacha sururu yake kwangu, nyuma ya mlango.

Nisalimie Imani na mjukuu wangu Haruna. Bi Kadija anakuombea. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, na akujaalie mvua isiyomdhuru jirani.

Wako akupendaye,
Mjomba wako Maftaha