Mwizi Aliyegeuka Kwenye Picha ya Mwisho

Majengo, Songea

Dada Zuhura,

Shikamoo. Mikorosho imeshatoa maua? Na jino lako je, umeling'oa au bado unalibembeleza? Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila nilikuwa na donge rohoni mpaka juzi Jumamosi.

Unajua namchorea hadithi za picha Mapunda, mwenye duka la madaftari. Natunga, nachora kwenye stensili, yeye anachapa kwa mashine yake na kuuza, maana siku hizi biashara ni ruksa. Toleo la kwanza tu, nikakuta jina langu limefutwa, limewekwa lake. Nilipomuuliza alicheka. "Wewe fundi bwana. Fundi gani anaandika jina kwenye nyumba ya mwenzie?" Dada, nilimchukia. Ila nikaendelea kuchora.

Unakumbuka bibi akisimulia, akitaja kinu halafu akakisahau, tulivyomkatiza, "Na kinu je?" mpaka akirudie? Kwetu hadithi haifungwi kitu kikiachwa njiani. Kwa desturi hiyo ndiyo nilimtega Mapunda.

Nilitunga mwizi wa mbuzi asiyejulikana. Kila toleo nilimchora kwa mgongo na kumwongezea kitu kimoja tu: koti la mtumba lenye kiraka cheupe begani, kisha baiskeli yenye kiti cha kamba, kisha kofia iliyokatika ukingo. Vyote vya Mapunda. Hakuona, kwa sababu picha haangalii, anaangalia wino usivuje. Wasomaji ndio walioona. Wakawa wananiuliza sokoni, "Na lile koti je, la nani?" Nikawaambia wasubiri.

Juzi likatoka la mwisho. Mwizi kashikwa akiwa na mbuzi, anageuka: uso wa Mapunda, na pengo lake la mbele. Saa nne asubuhi duka limejaa. Mama muuza maandazi akamwekea ukurasa mezani.

"Baba, umejichora vizuri. Mbuzi ni wa nani lakini?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mapunda aliitazama picha, halafu jina lake chini ya picha, akaninyooshea kidole.

"Sikuchora mimi. Hata moja sijawahi kuchora. Zote kachora huyu."

Alisema mwenyewe, mbele ya Majengo nzima. Mimi nilikuwa nachonga penseli. Nilifurahi, dada, sikufichi, na wala sijamwonea huruma hadi leo. Kazi nimefukuzwa palepale, lakini mwenye duka la jirani ameshaniita, na tumekubaliana jina kwanza.

Mpe mama shikamoo yangu, na shemeji mwambie lile jembe namtafutia. Watoto wako wabusu wote, hata yule mtundu. Bibi msomee barua hii polepole, akiuliza "Na kinu je?" mwambie mjukuu wake amekirudia.

Ni mimi mdogo wako,
Saidi, mchoraji