Matanga ya Bwana Macho

Jumatatu, 1 Septemba

Salamu nyingi kwako, daftari langu jipya. Hujambo? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto. Nakuanza kama barua kwa sababu shuleni kitu kilichoniingia ni barua tu. Kuandika bila salamu naona kama kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi.

Leo kama kila siku. Sala kabla ya jua. Uji. Nikavuka mpaka wa Uganda na Kenya na karanga madebe mawili na simsim. Askari wa getini akaonja, akasema karanga hazijakauka. Zimekauka. Anapenda kuonja tu.

Saa nne redio ya kinyozi jirani yangu ikasema Bwana Macho, yule mwigizaji wa picha za Kihindi, amefariki kwao India. Uzee. Nikakaa juu ya gunia.

Sikudhani nitalia. Nimelia.

Jumanne, 2 Septemba

Watu wananipa pole mimi. Mama mmoja ameleta sukari. Mwenye boda boda aliyechora uso wa Bwana Macho kwenye pikipiki yake amefunga kitambaa cheusi kwenye kioo. Kinyozi amekuja na stuli yake, akakaa nami kama tuko kilioni. Anasema, "Nywele ya Macho nimenyolea watu miaka yote hii. Hata wenye upara walikuwa naitisha."

Niandike sababu, nisije nikasahau nikizeeka.

Barasa wangu, Mungu amlaze pema, alifanya kazi kwa Mhindi wa vyuma pale Tororo miaka kumi na moja. Akaijua lugha yao vizuri. Baadaye akafungua kibanda cha video nyuma ya soko. Picha zilikuja kwa Kihindi. Yeye alisimama kando ya televisheni na maiki, akatusemea kwa Kiswahili, papo hapo. Mimi nilikaa mlangoni. Stelingi alikuwa na jina refu la kwao ambalo hakuna aliyelishika. Barasa akamwita Bwana Macho, kwa kuwa yule mtu angeweza kukueleza kila kitu na macho tu. Jina likabaki. Watoto wameitwa hivyo. Namjua Macho fundi baiskeli na Macho mwalimu wa kwaya.

Kwa hiyo sauti ya Bwana Macho huku kwetu ni sauti ya marehemu mume wangu. Miaka sita sasa yuko kaburini. Jana watu wamemzika mara ya pili.

Jioni akaja Mzee Owor wa Kiyeyi, mkulima ninayenunua karanga kwake. Rafiki ya Barasa. Hakuketi. Akasema, "Shemeji, mtu akikufa anafanyiwa matanga. Huyu pia tumfanyie. Tuoneshe ile picha ya kisima. Wewe ndiye utasema, hiyo maneno yote iko kwa kichwa yako."

Nikakubali. Nilifurahi hata.

Alhamisi, 4 Septemba

Tumepata ukumbi wa kanisa Tororo. Jumamosi ya tarehe 13, saa nane mchana. Mchungaji wa pale hakukataa, yeye mwenyewe alikuwa mpenzi wa Bwana Macho akiwa kijana. Aliniimbia kipande. Kisha akawa mtu wa kanisa tena. "Mama Nafula, wewe ni kiongozi wa akina mama. Kitakachosemwa kwa maiki ya kanisa kiwe kweli."

Nikajibu ndiyo, Mchungaji. Sikuona shida yoyote.

Ijumaa, 5 Septemba

Sasa nimeelewa kwa nini Owor anataka ile ya kisima.

Picha yenyewe ni ya ndugu wawili. Mdogo anamsaliti mkubwa, anachukua shamba, mkubwa anateseka miaka mingi. Mkubwa ndiye Bwana Macho. Mwishoni mdogo anarudi mgonjwa, midomo imepasuka kwa kiu, anamkuta kaka yake kisimani. Bwana Macho anamtazama muda mrefu. Anasema, "Mwana wa mama, kunywa kwanza. Mimi natangulia nyumbani. Utanikuta." Anaweka ndoo chini, anaondoka. Picha inaisha.

Owor naye ana mdogo wake, Othieno. Zamani, Owor akiwa kibarua kwenye kiwanda cha simiti, Othieno alisogeza mpaka wa shamba. Walikaa miaka miwili bila salamu. Siku moja wote wawili wakaja kibandani bila kujua mwenzake yuko. Mmoja upande huu, mwingine ule. Nilikuwa mlangoni, niliwaona. Picha ilipoisha Othieno alitangulia kutoka, akasimama nje kwenye jua. Owor akamkuta. Wakaenda Kiyeyi pamoja kwa miguu. Mpaka leo watu wanasema Bwana Macho ndiye aliwapatanisha.

Sasa wiki tatu zilizopita watoto wa Othieno wameng'oa mimea ya mpaka na kupanda mihogo upande wa Owor. Othieno amenyamaza. Owor alienda na panga, majirani wakamshika. Leo ameniambia kwa sauti ya chini, kama anaagiza chumvi: "Jumamosi ile asikie yale maneno tena. Akisikia na bado akae kimya, Jumapili mimi nakata mihogo. Na yeyote atasimama mbele, nakata."

Sijapenda macho yake.

Jumapili, 7 Septemba

Siku mbaya.

Nafula, binti yangu, amefika kutoka Bungoma anakofundisha. Amepata ile picha kwenye mtandao, safi kabisa, na Kiingereza kimeandikwa chini. Baada ya ibada tukafungua kompyuta yake mezani nipate kujikumbusha. Yeye anasoma Kiingereza, ananiambia. Mimi nasema maneno ya Barasa kabla hajasoma. Yanafanana. Tulicheka. Nilijivunia mume wangu.

Tukafika kisimani. Nafula akaacha kusoma.

Nikamwambia soma.

"Mama, hapa si vile Baba alikuwa anasema."

Soma tu, mwanangu.

Akasoma. Bwana Macho anasema: "Mimi sina ndugu. Nenda ukafie mbali."

Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Mara nne. Sina ndugu. Sina ndugu.

Jumatatu, 8 Septemba

Sikuenda sokoni. Nimesema ni goti.

Jumatano, 10 Septemba

Nina hasira na marehemu. Nimeungama hasira hiyo na bado ninayo.

Kwa nini hakuniambia? Miaka ishirini na tatu kitanda kimoja. Niliwahi kumwuliza, Baba Nafula, unaongeza maneno yako? Akasema, "Mimi ni mfereji tu. Maji yanapita." Nilimwamini. Niliwaambia watu, Barasa haongezi, Barasa hapunguzi. Wale wanaume wawili walipatana juu ya neno ambalo Bwana Macho hakulisema. Nyumba nzima imejengwa hapo.

Nikisema maneno ya Barasa, nimesema uongo kwa maiki ya kanisa, na nilimwahidi Mchungaji. Nikisema yaliyo kweli, Othieno atasikia kwamba hata Bwana Macho hakusamehe. Na Owor ana panga.

Nafula anasema nisitafsiri, watu wasome Kiingereza. Nani atasoma? Owor?

Nimefungua Zaburi. Nimesoma bila kusikia.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo Othieno mwenyewe amepita kwenye meza yangu. Amekonda. Akachukua karanga moja, akaimenya, hakula. "Mama Nafula, kesho nakuja."

Nikamwuliza nyumbani kwema?

"Nyumbani iko tu. Vijana nimewalea, sasa wao ndio nanilea mimi. Nikisema ng'oeni hiyo mihogo, wao nasema Mzee nyamaza." Akacheka kidogo. "Kaka atakuwepo?"

Nikasema atakuwepo.

"Na panga yake?"

Akaweka ile karanga mezani, akaenda.

Nimefunga leo, sijala. Nimemwomba Mungu aniambie niseme nini. Hajaniambia. Au mimi ndiye sisikii.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika yote hata mkono ukichoka.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Watu wazima, wenye mvi, suti za harusi zao. Mabwana watatu walikuja na skafu ya milia kama ya Bwana Macho, na jua lote lile. Picha yake imewekwa mbele na maua. Akina mama walipika chai ya matanga. Mchungaji aliomba kifupi. Owor alikaa mbele kulia. Hakuja na panga, nilitazama. Othieno nyuma kabisa karibu na mlango.

Nikashika maiki. Neno la kwanza lilipotoka watu wakapiga makofi, mmoja akasema, "Barasa huyo." Nikapata nguvu. Walicheka mahali pale pale pa zamani. Walilia mahali pale pale. Nilisahau shida yangu karibu saa mbili nzima.

Kisha kisima.

Mdogo anakuja anajikokota. Nikaona watu wanaanza kutikisa midomo, wanajua kinachokuja. Bwana Macho akamtazama ndugu yake. Nikamtazama Mchungaji. Sijui niliamua saa ngapi. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mimi sina ndugu. Nenda ukafie mbali."

Halafu manung'uniko. Mtu akasema, "Mama amesahau." Nikasema kwa maiki kwamba sijasahau, ndivyo anavyosema mwenyewe, Barasa alibadilisha, nimejua juzi, mnisamehe.

Nyuma kiti kilisukumwa. Othieno amesimama. Kofia mkononi. Anaelekea mlangoni. Nikasema moyoni, basi, nimeua watu.

Owor hakugeuka. Alikuwa bado anatazama kitambaa cheupe cha picha. Akasema kwa sauti ya shambani, "Rudisha nyuma."

Nafula akarudisha.

"Zima sauti."

Akazima. Tukamwona Bwana Macho bila neno. Anamtazama yule mgonjwa. Yale macho. Midomo inasema inachosema, lakini yale macho yamejaa, na mkono unashusha ndoo polepole, kama anaweka mtoto chini. Haimwagiki hata tone. Anaondoka.

Owor akasema, "Kama hana ndugu, hiyo ndoo anaachia nani?"

Mzee mmoja nyuma akasema, "Eh." Mwingine, "Anaachia yeye." Ukumbi ukaanza kubishana kama bunge. Mwenye boda boda anasema ndoo ni nzito, amechoka tu. Wakamzomea. Kinyozi anasema amemtazama huyu mtu miaka thelathini, hajawahi kumwona akiweka kitu ovyo. Owor akawanyamazisha na mkono. "Shemeji. Mdomo tumesikia. Sasa tuambie hiyo macho nasema nini. Vile Barasa alisema."

Nikamtazama Mchungaji tena. Alikuwa anafuta miwani. Akasema, "Amekuuliza macho, Mama. Jibu macho."

Nafula akarudisha mara ya pili. Nikasema, "Mwana wa mama, kunywa kwanza. Mimi natangulia nyumbani. Utanikuta." Nilipofika "utanikuta" sikuwa peke yangu. Ukumbi wote ulikuwa nami.

Othieno alikuwa bado mlangoni. Akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi nilijua. Siku nyingi."

Owor akageuka sasa. "Ulijua nini?"

"Siku ile Barasa hakuangalia televisheni. Aligeuka. Aliniangalia mimi, akaangalia wewe, akasema. Nikajua hiyo si ya Mhindi." Akavaa kofia, akaivua tena. "Nilitoka nje nikasema, mtu amejisumbua hivi kwa sababu yangu. Nikangoja."

Owor akasimama, akachukua fimbo yake. Alipompita Othieno hakusimama. Akasema tu, "Mimi natangulia. Na hao vijana wako uwalete."

Akatoka. Othieno akangoja kidogo, kama mwenye aibu. Akamfuata.

Chai iliisha bila wao. Watu wamekaa mpaka jua limeinama, wanasimuliana picha zake zote. Mchungaji aliimba kile kipande, safari hii chote.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua ya kwanza. Nimefunika karanga na turubai.

Owor ameleta magunia mawili asubuhi. Anasema Jumatatu walipanda upya mimea ya mpaka, yeye, Othieno na wale vijana. Bado wanabishana hatua moja. Wanabishana wakiwa wameketi, anasema. Nikampa maji. Akanywa yote, akageuza kikombe juu chini kunionesha, akacheka peke yake.

Kinyozi amebandika picha ya Bwana Macho juu ya kioo chake. Leo amenyoa wawili nywele ya Macho.

Hasira yangu imeisha. Imebaki kumkosa tu.

Barasa, ukurasa huu ni wako. Salamu za hapa ni njema, Nafula amerudi Bungoma salama, goti ni lile lile. Nimefikiria sana ile picha nyingine, ya daktari kipofu, pale anapomwambia mkewe kwamba angemchagua tena hata bila macho. Siku ile pia uligeuka. Uliangalia mlangoni, nilipokuwa nimekaa. Nilidhani unatazama kama watu wameongezeka.

Nafula anasema anaweza kuitafuta, na Kiingereza chake chini. Nimemwambia asiitafute. Nitakusikia wewe.

Ukipata nafasi, nijibu mapema.