Mkono wa Sponji

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la chaki kimekuachia japo kidogo. Sisi huku tunasukuma siku. Mama hajambo, anauliza kama unakula. Baba naye ni mzima wa mdomoni tu. Ukweli wake nitakueleza, maana ndio ulionifanya nikae niandike nikiwa na hasira hivi. Ukiona kalamu imetoboa karatasi, usiulize kwa nini.

Barua yako niliisoma mara mbili. Uliuliza kwa nini askari wa zamani wawe na dirisha lao hospitalini na viti vya mbele kwenye sherehe, wakati mwalimu aliyemeza chaki maisha yake yote anapanga foleni kama kila mtu. Ukasema vita viliisha zamani na kila kazi ina jeraha lake. Kaka, hayo uliyaandika ukiwa mbali, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ngoja nikuonyeshe kunguni.

Unajua kwamba mkono wa kulia wa Baba ulibaki vitani. Usichojua ni kwamba kigutu kimeanza kutoa usaha. Daktari mmoja alikipiga picha, akasema kuna kipande cha mfupa kinachochoma nyama kwa ndani, na kisipotolewa, uchafu utaingia kwenye damu. Upasuaji wenyewe si mkubwa. Alimwelekeza kwenye dirisha la askari wa zamani, kwa kuwa matibabu hayo ni haki yake. Dirishani wakamwambia asubiri, ataitwa. Tukasubiri. Baba akaacha kulala, akawa anakaa kitandani amekumbatia bega lake, na ukimuuliza anasema anawaza.

Wakati huohuo karakana yetu ilipata kazi ya kushona makoti ya sherehe ya kuwaenzi askari hao hao. Bosi alifurahi kama aliyepata mapacha. Akaja afisa wa maandalizi, mtu mpole, ananukia vizuri, akasema kila koti liwe na mikono miwili iliyojaa. Nilimwambia kwamba baadhi ya wazee wana mkono mmoja. Akanijibu kwa upole uleule kwamba analijua hilo. Nijaze sponji, nimalizie na glavu nyeupe, kwani wageni wanakuja kufurahi, hawaji kutishwa. Nikamtazama bosi. Bosi akatazama cherehani.

Nilipofikia koti la Baba niliweka mkasi chini nikaenda nyumbani kumwambia asiende. Kumbe afisa alikwishampitia. Alimwahidi kwamba akikaa kiti cha mbele, nadhifu, bila manung'uniko, yeye mwenyewe atampelekea neno mkuu wa hospitali. Baba akaniambia cha mvunguni sharti uiname. Basi nikaushona huo mkono, Kaka. Nilikata godoro kuukuu, nikajaza kidole kimoja kimoja, na kwa kuwa mimi ni fundi, ukatoka mzuri.

Siku ya sherehe, mgeni rasmi alipita mstari wa mbele akiwapa wazee mkono. Alipofika kwa Baba aliikamata ile glavu ya kulia, akaitikisa, akazitabasamia kamera, akapita. Hakugundua. Mtu ameshika sponji kiganjani mwake na hakugundua. Baba akasema ahsante mkuu. Watu wakapiga makofi, na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma na mafundi wenzangu nikapiga pia, kwa kutojua mikono yangu niipeleke wapi.

Tuliporudi hospitalini tulikuta ukuta wa mapokezi umebandikwa bango kubwa la karatasi: Baba na mgeni rasmi wanapeana mikono, na chini yake maneno kwamba mashujaa wetu tunawatunza. Baba akakaa kwenye benchi chini ya bango hilo, mkono mtupu wa shati lake umekunjwa na kubanwa kwa pini, na hakuna aliyemtambua. Karani wa hilo dirisha unalolionea wivu akasema majina ya upasuaji hayajashuka, twende foleni ya kawaida. Foleni ya kawaida wakatuambia sisi tuna dirisha letu. Tukaenda, tukarudi, tukaenda tena.

Mwashi mmoja aliyesagwa vidole na tofali akalalamika, kwa sauti ya kusikika, kwamba hawa wazee hupendelewa kila mahali. Nilitaka kumrarua, kisha nikaona kitambaa alichojifungia kimelowa damu. Yeye na wewe mnasema jambo moja, na chenu mnakidai kwa haki. Kidaini kwa nguvu zote. Ila msikidai kwa kumnyang'anya Baba kitu ambacho hata hajapewa. Baba hakuomba kiti cha mbele wala makofi. Alitumwa, akaenda, akarudi na mkono mmoja. Basi aliyemtuma amtibu. Mimi sioni ugumu uko wapi.

Sasa naomba ukae chini. Ukisikia kwamba kuna mwanamke aliyefanya vurugu hospitalini, ni mimi. Mkasi wangu huwa haukosi mfukoni. Nilipanda juu ya benchi nikaukata ule mkono kwenye bango, kuanzia begani hadi kwenye glavu, taratibu, kwa kufuata mshono, maana mshono wangu naujua. Mgeni rasmi akabaki amepeana mkono na tundu. Walinzi wakanishusha, wakanifungia kwenye chumba cha mafagio, nikawa nasubiri polisi. Polisi hawakuja. Alikuja mkuu wa hospitali na yule afisa, bado ananukia vizuri, wakamleta na Baba.

Hawakupiga kelele. Walisema bango litatengenezwa upya, na la safari hii litabandikwa hadi huko mikoani. Baba avae koti, apigwe picha nyingine, na kitanda kitapatikana, na mpasuaji atapatikana. Ila safari hii wanataka apige saluti. Kwa hiyo nishone mkono mwingine, niutie waya ndani, ukunjike vizuri na kusimama kwenye paji la uso.

Niliwaambia waende wapi, kwa lugha ambayo Mama asingependa niirudie hapa. Nikamgeukia Baba nikijua atanyanyuka tuondoke. Akaniuliza, "Waya mnao hapo karakana?"

Nikamwambia upo. Akasema, "Shona, mwanangu. Mkono sina, lakini maumivu ninayo."

Ndio ninaoushona sasa hivi, na karatasi hii iko pembeni ya cherehani. Nilijaribu kubishana nao kwamba upasuaji utangulie picha, nikashindwa. Picha ni kesho. Bango likifika huko kwenu utamwona mzee amepiga saluti safi, na walimu wenzako watasema hao ndio wanaokula bure. Uwaambie ni baba yako, au unyamaze. Mimi siko hapo.

Nisalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anasema umtumie picha yao, wamekua kiasi gani. Baba nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alinikataza kabisa kukutajia kigutu. Ananiagiza nikuambie kwamba anatunzwa vizuri. Ujumbe wake nimekufikishia.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano