Tutapishana Kijitoni

Kijiji cha Vellippara,
Mwezi wa Masi

Kwako kaka yangu Ariyan,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Selvi, na yule binti yenu ambaye sijambeba hata siku moja. Natumaini nyote mu wazima na kwamba baridi ya mashamba ya chai haijakuharibu kifua. Sisi huku hatujambo. Mjomba Nagan magoti yanamsumbua. Akishuka kijitoni hupumzika kidogo, akamtukana mtu, ndipo akaendelea. Ndovu wamekula migomba yote ya upande wa juu. Bibi Virayi bado ana meno yake na ulimi wake, ila meno siku hizi hayatumii sana.

Barua hii anakuletea Kumaran mwenyewe, mpiga ngoma wetu. Ni ndefu. Kaa chini unywe chai kwanza, usiisome umesimama kazini. Yaliyotokea hapa sijawahi kuyaona.

Unakumbuka ulivyoondoka, miaka mitatu iliyopita. Wazee walikuta makapi ya ulezi mpya ndani ya blanketi lako, kwenye kile kibanda cha juu ya mti tunapolindia shamba na nguruwe, na Mama Minakshi, mungu wetu, alikuwa bado hajalishwa mavuno yake. Mjomba, akiwa ndiye mkuu wa kijiji, alikuuliza mara tatu mbele ya baraza kama ni wewe uliyekula kabla ya Mama. Ulitazama chini ukanyamaza, na kwetu anayenyamaza mara tatu amekubali. Alikutoa kijijini kwa mkono wake mwenyewe, wewe mtoto wa dada yake uliyekuwa uirithi fimbo yake. Kisha akaingia ndani, na siku mbili hakula.

Mwaka huu, kabla ya kuvuna, akaniita. Alisema amechoka, fimbo inataka mtu mwenye magoti, na kwa kuwa wewe hupo, mtoto wa dada aliyebaki ni mimi. Wazee walikwisha kukubaliana. Nilifanya mzaha kama kawaida yangu, nikauliza nani atamtii mkuu ambaye kila mavuno wanamwona amevaa sari na bangili. Mjomba akasema angalau safari hii kijiji kitapata mkuu mwenye sura. Wote wakacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hakuna aliyeziomba.

Basi nikafanya shauri langu. Unajua kwamba katika kuthu, ngoma yetu ya mavuno, mwanamke huwa ni mimi, na Bibi Virayi husema nikikosa mke nijioe mwenyewe. Unajua pia kwamba Mama akitaka kusema, humpanda yule aliyevaa kike. Mkuu huleta maji, humwuliza ni nani na anataka nini, na litakalojibiwa hakuna baraza la kulipangua. Mzee Chakkan, aliyevaa kike kabla yangu, alipandwa mara nyingi kabla hajafa. Mimi, miaka sita nacheza, sijawahi kutikisika hata kope.

Nikaamua kujitikisa mwenyewe. Nakwambia wazi, kaka, nilikusudia kudanganya. Nilikuwa najificha katikati ya mimea ya iliki nikijifunza kutetemesha mabega na kugeuza macho, na maneno yangu nilikuwa nayo tayari: “Mwiteni Ariyan. Nimemsamehe.” Maneno matatu tu. Wewe ungerudi ukashika fimbo, mimi ningeendelea na bangili zangu, na hakuna ambaye angeuliza kitu.

Siku ikafika. Ulezi ukapikwa, Mama akalishwa, kuthu ikaanza jua likizama. Lilipochomoza tena na kulipiga lile jabali jeupe, bado nilikuwa nacheza na miguu siisikii. Nikasema moyoni, sasa. Nikaanza kutetemesha mabega nilivyojifunza. Kumaran na wenzake wakabadili mdundo, na Mjomba akaja na bakuli la maji, akaniuliza, “Ni nani, na unataka nini?”

Nikafungua kinywa niseme yale matatu, nikayakosa. Nikayatuliza mabega, nayo hayakutulia. Mdundo nikausikia unatoka chini ya ardhi, unapanda kwenye nyayo zangu. Nikasikia harufu ya viazi pori vinavyochomwa, kama alivyovichoma mama yetu, naye ana miaka minane kaburini. Bangili zikapasuka mkononi mwangu moja baada ya nyingine, na hakuna aliyenigusa. Kumaran anaapa kwamba alikwisha kuinua mikono kwa hofu, na ngoma ikaendelea kulia. Muulize, yupo mbele yako. Hapo ndipo sauti ikatoka. Ilipita kwenye koo langu lakini haikuwa yangu, maana mimi nilikuwa naisikiliza kama wengine.

Ilisema, “Mliyemtoa hakula. Aliyekula ndiye huyu niliyemvaa.”

Bibi Virayi aliinama mpaka paji la uso likagusa udongo, na wote wakamfuata, pamoja na Mjomba na magoti yake. Nami nikaanguka.

Ndivyo ilivyo, kaka. Ni mimi. Ile zamu ya kibandani ilikuwa yako, nawe ulishikwa na homa nikapanda badala yako. Njaa iliniuma. Nikachoma masuke saba kwenye makaa, nikayapukuchua kwa viganja, nikala, na sitakudanganya, yalikuwa matamu. Baridi ilipozidi nikajifunika blanketi lako na mikono yangu imejaa makapi. Siku ya baraza nilisimama nyuma ya Bibi nikingoja useme tu kwamba aliyelala kule ni mdogo wako Thevan. Wewe ulijua. Ulitazama chini. Nilijua kwa nini, maana mama alipokuwa anakata roho nilikuwepo alipoutia mkono wangu katika wako. Nimeona haya kila siku tangu hapo. Nisamehe.

Baraza lilikaa siku ileile. Hakuna aliyenifokea, watu wananikwepa, na nadhani si kwa kosa langu bali kwa aliyenivaa. Mjomba aliniuliza mara tatu, nami mara tatu nikajibu, “Ni mimi.” Ilikuwa mara ya kwanza nimesema barazani bila kumchekesha mtu. Akahukumu huku machozi yanamtoka: wewe urudi kabla ya mwezi kuandama, fimbo ni yako, na mimi nitoke miaka mitatu kama ulivyotoka wewe.

Desturi unaijua. Anayetoka na anayeingia hupishana kijitoni siku moja, hawasemezani wala hawagusani, kosa lisije likarudi kwa asiye nalo. Ndiyo maana nimeandika. Kumaran atakutajia siku. Nitashuka na kifurushi changu upande wa mwamba mweupe, ninyi mtatokea upande wa chai. Usinisemeshe hata ukiniona nalia.

Lakini nilimwuliza Mjomba kama naweza kumgusa mtoto, maana desturi haimtaji mtoto. Akasema hakulisikia swali. Nikauliza tena. Akasema masikio nayo yameanza kumsumbua kama magoti, akaondoka. Kwa hiyo mtakapofika majini, mshushe huyo binti atembee mwenyewe, ukimtanguliza mbele. Nitamvusha mimi.

Msalimie sana shemeji, umwambie asinichukie mpaka atakaponiona. Bibi Virayi anawasalimu na anataka tambuu. Mjomba hajasema niwasalimu, ila nyumba yenu ameiezeka upya kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako niliyekula ulezi,
Thevan

Siku hiyo, kaka, tembea polepole.