Nyumba ya Tatu

Jumanne, jioni

Bora wangempeleka Mwaja kijiji kingine. Maofisa waliotuhamishia hapa na kutupanga kwa mistari hawakujua lolote, wakampa kaka yake anayeishi naye nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwaja alikuwa mke wangu mdogo. Nilimrudisha kwao mwaka juzi ili nibatizwe.

Leo tumekutana kisimani. Akatua mtungi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee Petro."

Petro! Miaka tisa aliniita kwa jina langu la nyumbani. Hilo la Petro nililipata baada ya kumwacha. Nikaitikia marahaba, nikasahau hata ng'ombe niliokwenda kuwanywesha.

Nilipomsimulia mke wangu, hakununa. Alisema, "Hata mimi namkumbuka. Mtama wote huu natwanga peke yangu."

Mwalimu wa dini aliniambia nikitii, moyo utatulia. Nimetii. Utatulia lini?

Sasa hivi nimetoka kupiga magoti kumwomba Mungu aniondolee tamaa hii. Katikati ya sala, kinu kikaanza kulia kule nyumba ya tatu. Naujua mpigo wake.

Sikusema amina mpaka alipomaliza kutwanga.