Jua Nililomvutia Mama Mkwe kwa Kipanya

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba haraka, maana ukurasa wako unatoka Ijumaa na fundi wa mama mkwe wangu anaanza kuchimba msingi Jumatatu, na kati ya siku hizo mbili mimi sijui nijifiche wapi.

Mimi ni msanifu majengo, nina miaka thelathini na minne, nimeoa, na kazini nasifiwa. Mwezi uliopita bosi alinipa kazi ya kulinganisha programu mbili za kompyuta, zile ambazo unaingiza mchoro wa jengo na papo hapo unatembea ndani yake kama vile limeshajengwa, unafungua mlango, unageuka, unaangalia dari, ili nimwambie ofisi ichukue ipi. Moja tumeibatiza Karani kwa sababu haina masihara: ukisogeza ukuta kwenye mchoro, kwenye picha nako unasogea, na jua lake linafuata tarehe, saa na mahali kiwanja kilipo, ila miti yake ni kama mafagio yaliyosimamishwa na laptopu yangu ikiifungua inaanza kukoroma. Nyingine tunaiita Bibi Harusi: nyepesi, inang'aa, ina makochi, ina mapazia yanayopepea, na jua lake unalishika kwa kipanya unalivuta unakotaka.

Sasa wakati huo huo nilikuwa namchorea mama mkwe nyumba yake ya uzeeni, michoro miwili achague mmoja, nikaona hapa hapa ndipo pa kufanyia majaribio. Mama huyu, mshauri, tangu nimwoe bintiye alikuwa ananiita "mchora katuni", mbele za watu na kwa sauti, kwa hiyo unaweza kuelewa nilivyotaka siku hiyo iende vizuri. Mchoro wa kwanza, wenye jiko upande wa mashariki, nikauweka kwenye Karani, na ili laptopu isizimike nikaondoa vivuli na mwanga, kuta zikabaki nyeupe na nje kijivu kitupu, mama akatazama akaniuliza, "Hii nyumba imefiwa?" Mchoro wa pili, wenye sebule kubwa ambayo kusema kweli naipenda mno, na jiko limegeukia magharibi, nikauweka kwenye Bibi Harusi, na jiko lilipoonekana lina giza nikalivuta jua, kidogo tu, likaingia dirishani likatua juu ya sinki.

Mama akashika kipanya mwenyewe, akasogea mpaka kwenye lile sinki la picha, akauliza, "Hapa ni saa ngapi?" na mdomo wangu ukajibu kabla sijauwahi, "Saa mbili asubuhi, mama." Akasema, "Miaka thelathini napika kwenye jiko la kuwasha taa mchana. Mwanangu, hii ndiyo nyumba yangu." Mwanangu! Mimi, mchora katuni!

Wiki iliyopita, nikimalizia ripoti ya bosi, nikauingiza mchoro huo wa pili kwenye Karani, nikaweka saa mbili asubuhi, na lile jiko likawa giza la kutafuta chumvi kwa kupapasa. Jua halifiki mpaka saa kumi jioni, na likifika linakuta ghorofa la jirani, ambalo kwenye Bibi Harusi mahali pake mimi niliweka bustani. Na mama ameshanunua vyungu sita vya maua vya kupanga dirishani, ameshawaambia wenzake wote wa kikundi cha ushonaji, fundi ameshapigilia vigingi na kufunga kamba, na mke wangu hajui lolote, anaona tu kwamba kwa mama yake siku hizi mimi ndiye wa kwanza kupakuliwa, anafurahi mpaka anaimba. Nifanyeje? Nimpendekezee bosi programu ipi? Na je, nikinyamaza, si kila jiko lina taa siku hizi?

Ni mimi,
Mkwe Aliyependwa Ghafla


MSHAURI ANAJIBU

Mkwe mpendwa, pole, na ukae chini. Barua yako imenichekesha mpaka chai ikanipalia, kisha nikafika kwenye sinki nikaacha kucheka.

Mimi kompyuta najua kuiwasha, kuizima namwita mtu. Lakini hata mimi naona kwamba hizo programu hazina kosa, kwa sababu hukuzilinganisha. Moja uliivua nguo, nyingine ukaivika, halafu ukamwambia mama achague. Ungeiweka michoro yote miwili kwenye programu zote mbili, saa ile ile na jua lile lile, leo usingekuwa unaniandikia. Ulitaka sebule yako ishinde, baba. Sema tu.

Na hilo la kila jiko kuwa na taa usilirudie, hasa mbele ya mkeo. Mama wa watu amekuambia kwa mdomo wake kitu kimoja anachokitaka katika nyumba nzima. Hakuomba sebule. Mimi mwenyewe naandika haya kwenye chumba ambacho mchoraji aliniapia kina upepo, na huu mwaka wa tisa upepo wenyewe nautoa kwenye feni. Jina lake nalikumbuka kila joto likizidi, na simkumbuki kwa dua.

Bahati yako maji hayajazidi unga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, na wewe ukichelewa utabomoa ukuta kwanza ndipo ujenge. Kwa hiyo leo jioni mwambie mkeo kila kitu. Kama anaimba, mwache amalize wimbo. Kisha mpigie fundi, asiguse sururu mpaka umwambie. Kesho Jumamosi, saa mbili asubuhi kamili, si saa tatu, mpeleke mama mkwe kiwanjani, na ubebe kigoda na chungu kimoja cha maua. Mkalishe ndani ya zile kamba, pale patakapokuwa na sinki, uso kwenye dirisha. Usihutubie. Mwache aone mwenyewe kwamba jua liko mgongoni, upande utakaozibwa na kuta, na dirishani lipo ghorofa la jirani tu, halafu useme, "Mama, lile jua nililivuta kwa mkono wangu. Nisamehe." Basi. Habari za Karani usizianze. Atakusema, na una haki ya kusemwa. Akimaliza, beba kigoda na chungu umhamishie upande wa mashariki, akae tena, na hapo ndipo unyamaze kwelikweli.

Mkirudi nyumbani, mfungulie ule mchoro wa kwanza, safari hii kwenye Bibi Harusi, upambe kwa haki, jua likae pale Karani inaposema lipo. Sebule ikipungua hatua mbili hutakufa.

Bosi mwambie Karani ni ya kuamulia na Bibi Harusi ni ya kupambia kilichokwisha kuamuliwa. Kama anachukua moja tu, achukue Karani, maana hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu ya miti ya mafagio. Na katika ripoti hiyo uandike na kosa lako, mwenzako asije akamvutia jua mama mkwe wake.

Huenda ukarudi kuwa mchora katuni, wiki moja, au mpaka bati lipande. Vumilia, jina hilo utalizoea kama ulivyolizoea mwanzo. Lakini ukinyamaza, mama huyo atakuita mwanangu mpaka asubuhi ya kwanza kwenye nyumba mpya, atakaposhika birika, akageukia dirisha lake, kisha akanyoosha mkono kutafuta swichi.

Na siku ya kuhamia, vyungu vyote sita utavibeba wewe.