Machozi ya Ijumaa

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika lakini jua halijatoka, na hapa Wawi kila kitu kina unyevu, hata mto wa kulalia. Sina huzuni. Sina furaha. Nipo tu.

Mume wangu ni askari; uhamisho wake ndio ulionileta Pemba miaka sita iliyopita. Nashona nguo nyumbani, na Jumapili naongoza kwaya ya kanisa letu dogo la Chake Chake.

Mwaka jana mama yangu aliugua huko Mbeya. Nilifunga siku saba, nikaomba kama sijawahi kuomba. Siku ya nane kaka akapiga simu. Bahari ilikuwa imechafuka, meli zikazuiwa, nikafika nyumbani mama ameshazikwa. Nilisimama kaburini nikisubiri kulia. Kilio hakikuja. Tangu siku ile nina ganzi, kama ya mguu uliokaliwa, ila hii iko kifuani.

Kwaya niliendelea kuiongoza. Mdomo unayajua maneno.

Wiki hii tulikuwa na mwinjilisti kutoka bara, siku tano za maombi ya kufufua imani. Watu walilia, wakaungama, wakapiga magoti kwenye saruji. Ijumaa nikaona macho yananigeukia mimi, kiongozi wa kwaya, mkavu kama kuni. Nikafunika uso kwa kitenge, nikatikisa mabega, nikatoa sauti.

Nilijiliza.

Mchungaji alifurahi mno. "Mama Neema, Bwana amekugusa! Jumapili utatoa ushuhuda."

Nikasema amina.

Jana jirani yangu, Bi Mize, alikuja kuchukua gauni lake. Yeye ni Muislamu, na mambo ya dini hatujawahi kuyazungumza. Alikaa akiniangalia nikimalizia pindo.

"Mwanangu, mbona siku hizi sikusikii kuimba ukishona? U mgonjwa?"

"Mzima, Bi Mize."

"Haya. Mungu ndiye ajuaye."

Alisema kikawaida tu, kama watu wa hapa wasemavyo kutwa nzima. Mimi nikajichoma sindano. Nilikuwa nimemwogopa mchungaji, nimeiogopa kwaya, nimemwogopa mgeni. Huyo ajuaye, sikumwogopa hata kidogo.

Leo nikaitwa mbele. Kifua kilikuwa kimya.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Ijumaa sikulia. Nilijifanya. Tangu mama afariki nikiomba sisikii kitu, na nimekuwa nikiwaimbisha hivyo hivyo. Naomba mnisamehe. Siwezi kumdanganya Mungu nyumbani mwake."

Nikarudi kuketi. Mwinjilisti alifungua Biblia yake, akaifunga. Mzee wa kanisa aliyekaa nyuma yangu akanong'ona, "Aibu gani hii mbele ya mgeni!"

Mchungaji aliteremka madhabahuni, akaja kukaa kwenye benchi langu.

"Na mimi nisamehe, Mama Neema," akasema, wote wakisikia. "Nilitaka mgeni aone matunda. Sikukuuliza hata hali yako."

Kisha akatuomba tunyamaze. Tukanyamaza, mvua ikipiga bati. Nilidhani sasa moyo utafunguka, kama nilivyozoea kusikia katika shuhuda za watu.

Haukufunguka.

Kwaya nimeomba ashike mwingine kwa sasa. Tulipofika mlangoni kwetu mume wangu akaniuliza, "Yote hayo ulikuwa umeyabeba peke yako?" Nikamwambia ndiyo. Akaingia jikoni, akaosha vyombo vyote, hata sufuria iliyoungua.

Mimi nikaenda chumbani, nikapiga magoti. Maneno marefu sikuwa nayo.

"Bwana, nimekuja. Sina kitu."

Nikabaki pale mpaka magoti yakauma. Sikusikia sauti, sikusikia joto, chozi halikutoka. Lakini nilipotaka kuinuka niliona siwezi kuinuka ovyo, kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake na bado hajaruhusiwa kuondoka. Nikainamisha kichwa tena, nikangoja.

Sijui kama hiyo ndiyo imani. Kesho, kabla sijagusa cherehani, nitakwenda kungoja tena.